Delbert Haverkamp, Miaka Thelathini na Minne Nyuma ya Wadakaji

Delbert Haverkamp, msaka vipaji wa klabu yetu ya mpira wa Kimarekani, Omaha Drovers, anastaafu tarehe 31 Mei baada ya kuitumikia klabu kwa miaka thelathini na minne kasoro miezi miwili. Ofisi ya wafanyakazi iliniomba niandike, kwa jarida letu, nusu ukurasa wenye furaha. Upande wa furaha nimejitahidi. Nusu ukurasa imenishinda.

Mimi ni Lorna Vandersloot wa chumba cha video. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikikata picha za mechi za vyuo na kumwekea Delbert mezani, naye anaziangalia mpaka macho yanamwiva. Kila mwezi wa Aprili klabu za kulipwa huketi siku tatu na kuchagua kwa zamu vijana wanaomaliza vyuo. Kabla ya siku hizo lazima awepo mtu aliyekwisha kuzunguka nchi, akakaa kwenye mabenchi ya baridi, akaangalia, akaandika. Delbert alipewa wadakaji, wale vijana wembamba wanaokimbia pembeni mwa uwanja na kudaka mpira unaorushwa kutoka mbali, huku mabeki wakiwasubiri watue ili wawaangushe. Vyuoni wako maelfu. Siku za uteuzi klabu zote kwa pamoja huchukua wapatao thelathini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya Delbert ilikuwa kuandika, kwa mwandiko wake mdogo uliolala, kwa nini kijana fulani hatufai.

Alijiunga nasi mwaka 1990 akitoka kufundisha shule ya sekondari huko Kearney. Aliambiwa kazi ni ya miezi tisa. Tangu hapo amemaliza magari matatu aina ya Buick, na la nne linakohoa kwenye maegesho yetu hivi sasa. Kwa mwaka alikuwa akiendesha maili elfu arobaini. Alikula mikate ya vituo vya mafuta iliyokauka pembeni, akalala kwenye moteli ambazo alizijua kwa kelele za mashine zao za barafu. Nadine, mkewe, aliwahi kuniambia kwamba wameoana miaka arobaini na mmoja, ila kwa hesabu yake wameishi pamoja kama kumi na mitano, na kwamba labda ndiyo sababu bado wanapendana. Alisema hivyo akicheka. Delbert alikuwa kwenye kiti nyuma yake, amesinzia na koti mwilini.

Alikuwa na mtindo wake. Wenzake wakifika chuoni hunyoosha moja kwa moja kwenda kwa kocha. Delbert alianzia jikoni, kisha kwa mfua jezi, kisha kwa bibi anayefungua milango ya maktaba. Alisema kocha ana kitu cha kuuza lakini mpishi hana. Mara moja, huko Arkansas, wapishi walimweleza kuwa mdakaji mmoja maarufu huacha sahani yake mezani na kuondoka. Delbert akamshusha madaraja mawili, akaandika: “Ana mikono mizuri, lakini haibebi sahani.” Kijana yule alichukuliwa na klabu nyingine, akacheza miaka tisa, na akatufunga sisi mara saba. Ripoti ile Delbert aliibandika mwenyewe ukutani juu ya meza yake, na mgeni akiuliza ni ya nini, anajibu kwamba ni cheti.

Na saa yake ya kubonyeza kwa kidole gumba. Mitambo ya kupima mbio ilipokuja, yeye aliendelea kubonyeza. Huko Fargo kidole kiliganda kwa baridi, saa ikakataa kusimama, na kwenye kitabu chetu yupo mdakaji aliyekimbia yadi arobaini kwa sekunde kumi na tisa badala ya nne na nusu. Tulimcheka msimu mzima. Alicheka nasi, kwa uchovu ule wake wa kucheka kwa pua tu.

Wadakaji tuliowachagua kwa ushauri wake ni arobaini na watatu, na kumi na sita kati yao walicheza zaidi ya miaka mitano. Wasioijua kazi hii wataona ni wachache. Wanaoijua watavua kofia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo jarida letu halijawahi kuliandika. Nimemwomba ruhusa. Alisema niandike nipendavyo, mradi nisimfanye malaika.

Mwaka 2011 alikuwepo mdakaji mmoja kwenye chuo kidogo cha Bascomb, Alabama, jina lake Cortez Pettway. Chuo chenyewe hakina hata taa za uwanja. Lakini kijana aliruka kama aliyevutwa na kamba, na kufikia Machi klabu sita zilikuwa zinamtaja. Nilimkatia Delbert mechi zake kumi na moja. Siku ya tatu akaniita, akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena. Kijana anadaka, anaangushwa, anainuka, anarudi kwenye mstari. Sikuona kitu.

“Usimwangalie akiwa na mpira,” Delbert akaniambia. “Mwangalie akiwa anarudi. Mkono wa kushoto.”

Mkono ulikuwa unaning'inia. Kila alipopigwa shingoni au begani, kijana alirudi akiwa anakunja na kukunjua vidole vya kushoto, kama mtu aliyeulalia mkono. Tulihesabu mara tisa. Delbert akaenda Bascomb, akakaa na mfua jezi, mzee mmoja mpole, naye akamwambia kwamba Cortez siku nyingine hawezi kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe, humwomba mwenzake, halafu hucheka ionekane ni utani. Daktari wa timu hawakuwa naye. Kwenye vipimo vikubwa vya kitaifa kijana hakualikwa, kwa hiyo hakuna aliyeipiga picha shingo yake.

Delbert aliandika yote. Akampelekea meneja mkuu wa wakati ule, ambaye ameshaondoka na jina lake siliandiki. Nilikuwemo chumbani kwa sababu ya video. Meneja aliisoma ripoti mara mbili, akaikunja.

“Kazi nzuri, Del. Sisi tumemfuta kwenye orodha yetu. Lakini hili lisitoke humu ndani. Wenzetu wanamtaka, waacheni wamchukue.”

Delbert akasema kijana anaweza kuvunjika. Meneja akajibu kwamba sisi siyo hospitali, na kwamba ripoti ni mali ya klabu, kama Delbert alivyosaini kwenye mkataba. Yote mawili yalikuwa kweli. Delbert akatoka, akakaa kwenye meza yake hadi saa ya kufunga ofisi akiwa hafanyi chochote. Nami nikazima mashine nikaenda nyumbani. Ninaliandika hilo kwa sababu nimechoka kulificha. Nilijua alichokijua, na nikaenda nyumbani kupika.

Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya uteuzi. Delbert aliendesha kutoka Omaha hadi Alabama, siku moja na nusu. Alimkuta Earline Pettway, mama yake Cortez, akikaanga kambare uani kwa ajili ya watu wa kanisa lao, maana sherehe ilikuwa imekwisha kuanza. Kulikuwa na viti vya kukodi na puto za rangi za klabu mbalimbali, kwa kuwa hawakujua ni ipi itamwita. Delbert alinisimulia hayo mara moja tu, ndani ya gari, macho yakiwa barabarani. Alikaa nao mezani jikoni. Akawaonyesha picha za mkono, moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta yake ndogo.

Cortez alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alimuuliza ni klabu gani iliyomtuma amshushe bei. Delbert akajibu hakuna, na kwamba akigundulika atafukuzwa.

“Basi ni nini unachotaka kwetu, mzee? Mbona umekuja kunizikia mpira wangu jikoni kwa mama yangu?”

Delbert akaifunga kompyuta. Alimgeukia mama.

“Mama, mpelekeni akapigwe picha ya shingo kabla ya Alhamisi. Nikiwa nimekosea, nitaomba radhi hapa hapa, mbele ya wageni wenu wote.”

Earline alizima jiko. Akawaambia wageni waanze kula, wasisubiri. Kisha akamwambia mwanawe achukue viatu. Cortez alivichukua, akashindwa kuzifunga kamba, na mama yake akapiga magoti akazifunga yeye.

Hospitali ya Birmingham ilikuta njia ya mishipa ya fahamu shingoni mwake imekuwa nyembamba mno. Daktari alisema pigo moja zaidi, likitua pabaya, lingemlaza kitandani maisha yake yote. Jumatano Cortez aliondoa jina lake kwenye uteuzi. Puto zilishushwa. Alhamisi klabu ziliita majina, na lake halikuitwa.

Ijumaa asubuhi Delbert aliingia kwa meneja, akakiri mwenyewe kabla hajaulizwa. Hakufukuzwa, nadhani kwa sababu kumfukuza kungelazimu kueleza sababu. Waliondoa jina lake kwenye orodha ya wanaotarajiwa kuwa mkuu wa wasaka vipaji. Wakamtoa majimbo ya Kusini aliyokuwa akiyazunguka, wakampa yale ya baridi ya kaskazini, Dakota zote mbili na Montana, kwenye vyuo ambavyo hutoa mdakaji mmoja kwa miaka mitano. Alikaa huko misimu saba. Anastaafu akiwa na cheo kile kile alichokuwa nacho mwaka 1998. Ukumbini siku ya sherehe ya kumuaga mtasikia hotuba zikisema hakupenda makuu. Siyo kweli. Alikitaka kile kiti, na Nadine alikwisha kuchagua mapazia ya nyumba waliyotaka kununua karibu na ofisi.

Wengi mngependa niandike kwamba Cortez alimpigia simu kumshukuru. Hakupiga. Barua mbili za Delbert zilirudi hazijafunguliwa. Earline alimtumia kadi ya Krismasi kila mwaka, yenye saini yake peke yake.

Mwaka 2018 uongozi mpya ulimrudisha Delbert Kusini, na Oktoba akafika Bascomb, ambako kocha wa wadakaji alikuwa Cortez Pettway. Safari hiyo nilikuwa naye. Cortez alituacha tumesimama kando ya uwanja saa mbili nzima, mvua nyepesi ikinyesha. Delbert hakukaa, ingawa benchi lilikuwa karibu. Mazoezi yalipokwisha, Cortez alikuja na faili la wachezaji wake, akampa.

“Majeraha yao yote yamo humo, mzee, hata yale wasiyotaka yaandikwe. Mimi nawe hatujapatana. Mpaka leo nikiona mechi za kulipwa Jumapili nazima televisheni. Lakini hawa vijana nataka waangaliwe na wewe.”

Delbert alisema asante. Walisimama wakizungumza habari za mdakaji mmoja wa mwaka wa tatu kwa dakika ishirini, kama watu wa kazi moja. Hawakupeana mikono. Tukiwa ndani ya gari Delbert aliniomba niendeshe mimi, akaegemeza kichwa kwenye kioo, nami nikaendesha mpaka Tennessee.

Baada ya hapo alifanya kazi miaka sita zaidi. Kila mwaka alisema ni wa mwisho. Safari zilikuwa zile zile, mikate ile ile. Msimu uliopita alianza kuandika ripoti akiwa amesimama, kwa sababu akiketi analala.

Uteuzi wa Aprili hii ulimalizika Jumamosi jioni, jua likiwa bado juu. Vijana wetu wa ofisi walikuwa wanapongezana na kula piza. Nilipita mlangoni kwa Delbert kumpelekea kipande, nikamkuta na simu sikioni na karatasi ya majina mbele yake. Yalikuwa kumi na tisa. Ni wadakaji aliokwenda kuwaona mwaka huu, ambao hakuna klabu iliyowachagua, sisi tukiwamo. Nilimuuliza amekuwa akifanya hivi tangu lini. Akasema tangu Bascomb.

Nilikaa kwenye kiti cha pili, nikasikiliza. Baadhi yao walilia. Mmoja alimtukana, naye akangoja mpaka amalize. Maneno yake yalikuwa karibu yale yale kwa kila mmoja.

“Ni Haverkamp, wa Omaha. Sina kazi ya kukupa, kijana wangu. Nilitaka tu ujue kwamba nilikuja, nilikaa mpaka mwisho wa mechi, na nilikuona.”

Alipomaliza jina la kumi na tisa piza ilikuwa imepoa. Aliila hivyo hivyo.

Delbert, kwa niaba ya chumba cha video, wapishi na wafua jezi wa vyuo mia na kumi, na wadakaji uliowakataa kwa haki, tunakushukuru. Nenda nyumbani. Tunakuombea siku ndefu zisizo na ratiba, chakula kinachotoka jikoni kikiwa cha moto, na Nadine karibu. Msimu ujao ukipita karibu na uwanja wowote, usisimame.