Vishindo Saba Juu ya Boriti Nne

Mgeni rasmi,

Sisi wazazi wa shule hii ya sekondari tumefurahi kukuona umepanda ngazi zetu na kuketi kwenye kiti ambacho tangu jana hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata mwalimu mkuu. Anayekusomea ni mama mshona sare, msomi wa darasa la saba, mwenye binti kidato cha nne. Wenzangu walinichagua wakisema, "Wewe una sauti na una woga. Leo vyote viwili vinatakiwa."

TULIKOTOKA

Mwaka ule timu yetu ya netiboli iliposhinda mara ya kwanza, watoto walishangilia mpaka sauti zikawakauka. Msichana mmoja akapiga mguu chini, wenzake wakafuata. Hicho ndicho kishindo. Msichana yule leo ni mwalimu wetu wa hesabu, yuko mstari wa mbele anajifanya hasikii.

Tangu siku hiyo, msomaji wa risala akimaliza kwa neno la shukrani, shule nzima hupiga miguu kwa pamoja. Mzazi hupigiwa kimoja. Mkaguzi vitatu. Mgeni rasmi hupigiwa saba.

TUNAYOJIVUNIA

Watoto wetu wanapendana. Kidato cha nne huwafunga tai kidato cha kwanza mpaka wazoee. Jumatatu asubuhi kopo moja la rangi ya viatu huzunguka mabweni yote na kurudi kwa mwenyewe likiwa na kitu ndani. Wakifungwa mabao uwanjani, huimba kuliko waliowafunga, mpaka wageni wanauliza nani ameshinda. Na mwaka huu wamerudi na kombe, ambalo mama mpishi amelitazama akasema lingefaa zaidi kuwa birika.

KINACHOTUKOSESHA RAHA

Chini ya ukumbi huu ni darasa la kidato cha kwanza. Muhula huu watoto wa darasa hilo wamekuwa wakirudi na unga wa mbao kichwani. Mama mmoja alimsugua mwanawe wiki nzima akidhani ni mba.

Jumatano, mzazi mwenzetu, fundi seremala, aliingia na tochi akapanda juu ya dawati. Sakafu hii imebebwa na boriti nne. Moja ina ufa. "Kidole kimeingia mpaka kiungo cha pili," akasema, "na mimi vidole vyangu si vyembamba."

Tukamwendea mwalimu mkuu. Akatuambia, "Akina mama, jumba hili limesimama tangu enzi za babu zenu." Tukamjibu, "Ndiyo maana sasa linataka kukaa." Akacheka, akaenda kutazama mwenyewe, akarudi hacheki. Seremala akaweka gogo la kuegemeza, na kidato cha kwanza wameshaanza kulitundikia mikoba. Matengenezo ni Jumatatu. Wewe umekuja Ijumaa. Seremala akatupa ruhusa yake: "Kukaa, wakae. Kutembea, watembee. Watoto mia nne kupiga miguu kwa pamoja, mimi simo."

Tuliwaambia watoto. Binti yangu ndiye anayeongoza kishindo. Akaniuliza, "Mama, mgeni wa vishindo saba tumpigie makofi tu? Si ataona tumemdharau?" Nikamweleza ufa. Akafikiri, akasema, "Basi tutapiga polepole."

Mgeni rasmi, miguu mia nane haina polepole.

Na chini ya boriti hiyo, wakati huu tunaposoma, mama sita wanapanga vikombe vya chai yako. Tumewasihi wahamie nje. Wamesema vikombe vimeshakaa vizuri.

OMBI LETU

Najua ulitarajia tuombe kompyuta, au basi la shule. Hayo tutayaomba ukirudi. Leo tunaomba miguu yako.

Sisi wazazi, watoto wametukatalia kwa heshima. Wewe hawatakukatalia. Tunaomba usimame, ushuke ngazi taratibu, utoke mpaka uwanja wa netiboli. Watakufuata darasa kwa darasa, kidato cha kwanza mbele. Pale ardhi ni ngumu na haina mtu chini yake. Wakupigie saba, wakupigie sabini.

Nanyi wanetu, tunawaona. Tuliandika risala hii tukijua kwamba ikifika hapa, kidato cha nne mtakuwa mmeshapanga visigino. Virudisheni chini ya viti. Kishindo hatukikatazi, tunakihamisha.

Utaona, mgeni wetu, kwamba risala nzima hatujatamka lile neno la kufungia. Si utovu wa adabu. Tumelibeba mkononi, tunashuka nalo, na ukikanyaga katikati ya uwanja tutakupa kwa sauti zetu zote.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awalinde waliokaa juu na wanaopanga vikombe chini. Ngazi ziko kushoto kwako. Seremala anakusubiri kwenye ya kwanza.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Watoto wa Kishindo