Mkorea Aliyelisoma Jina la Mbaha

Shikamooni, wazee wangu. Nanyi mlioteremka kutoka Mpepai na Ruanda, poleni na njia. Mnanifahamu: dresa wenu, mfunga vidonda, mwenye cheti kilichotiwa kioo ukutani. Mtoto wa muuza usipa, dagaa wa ziwa letu, aliyekwenda vitani Bama akarudi na saa mkononi. Sijifichi, kujisifu ni maradhi yangu. Leo nawaambia jinsi maradhi hayo yalivyomkata mtu mguu.

Hospitali yetu huko ilikuwa na wodi ya mateka wa Kijapani. Daktari Mzungu aliuliza, "Nani anajua lugha ya hawa?" Mimi nilikuwa nimeokota maneno kumi ya Kijapani. Nikajibu, "Mimi, bwana." Nikaongezewa tepe na kitanda mahali pakavu.

Mateka mmoja, mtu wa umri wa baba yangu mdogo, alikuwa na mguu ndani ya plasta. Siku mbili alinisihi huku akiushika. Daktari akauliza anasemaje. "Anashukuru, bwana. Hana maumivu." Ndugu zangu, sikuwa nimeelewa hata neno moja! Siku ya tatu harufu ilitoka, plasta ikafunguliwa, na mguu ukakatwa chini ya goti. Ofisa mmoja mpita njia, mjuzi wa Kijapani, akazungumza naye kidogo. "Huyu si Mjapani," akasema. "Ni Mkorea, ana lugha yake; Wajapani walimchukua kwa nguvu. Siku mbili amekuwa akiwaambia mguu unaoza."

Nikavuliwa tepe zote, nikapewa ndoo za choo. Askari wa kwetu wakawa wananiita, "Bwana Mkalimani, ndoo inasemaje leo?"

Mkorea naye akagoma kula. Kila aliposogezewa bakuli, aliugeukia ukuta. Daktari alisema hana wiki. Mimi ndiye niliyemfikisha pale, na usingizi ulinikataa. Mchana mmoja nilinawa, nikapiga goti, nikampa bakuli kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkwe. Akanitazama sana. Kisha akalipokea kwa mikono miwili. Kumbe hata kwao ndivyo! Akanionyesha wali: "Pap." Nami nikarudia, "Pap." Akala.

Tukaanzia hapo. Alichora herufi kwa makaa juu ya kifuniko cha sanduku, vijiti na viduara vimepangwa pamoja kama vyumba vya nyumba moja. Nilidhani nitazeeka nazo. Baada ya wiki mbili niliandika peke yangu, nikamsogezea. Alikunja uso, akasoma polepole: "Um-ba-ha."

Mtu asiyewahi kuliona ziwa hili, wala kuonja usipa, amekitaja kijiji chetu kwa kutazama makaa tu! Nililia mbele yake bila haya.

Unasemaje, mama uliye dirishani? Niwaongeleshe Kikorea? Haya: "Pap mogosoyo?" Maana yake, umekula? Ndiyo salamu yao. Ati shemeji yako naye kila akifika huuliza chakula, basi ni Mkorea? Huenda!

Baadaye homa ilimpanda. Safari hii nilimuuliza, "Apayo?" Inauma? Akaonyesha juu ya paja, akasema maneno matatu. Nikamwita daktari. "Bwana, panauma hapa, tangu jana. Neno la tatu silijui." Daktari alinitazama, akachukua kisu, akapasua palepale. Usaha ukatoka, na mtu akapona. Tepe zangu hazikurudi, lakini wodi nilirudishiwa.

Namshukuru daktari yule kwa kuniamini mara ya pili. Namshukuru zaidi mtu wa mguu mmoja, aliyemfundisha kusoma yule aliyemponza.

Kesho darasa la watu wazima linaanza humu humu zahanatini, na mwalimu ni mimi. Wazee wangu, najua mnaona haya kushika chaki mbele ya wajukuu. Mimi nilishika makaa mbele ya mtu niliyemkosea, na cheti changu nimekishusha ukutani, sasa kimo sandukuni. Njooni. Mtaniuliza mengi, na mengi nitajibu, maana najua mengi, Mungu shahidi. Lakini mkiniuliza nisilolijua, mtanisikia nikisema neno alilonifundisha Mkorea yule mwenyewe jioni ile alipopasuliwa: "Molayo." Sijui.