Henri Niyibizi, Aliyebaki Ndani na Chupa Wazi

Wapendwa wa Himbi, wa Kituku na munaotoka mbali, ketini mupokee safari ya Henri Niyibizi, maana mutu asipozikwa na maneno ya kweli huzikwa na ya jirani.

Alizaliwa Rutshuru, tarehe 9 Machi 1988, mutoto wa Muzee Munyaneza, aliyejua majina ya ng'ombe kuliko ya watoto wake, na Mama Mukabalisa. Alisoma hapa Goma, na tarehe 17 Januari 2002, volkano ilipokula nyumba yao, alikimbia na kitambaa puani, na tangu hapo hakuamini hewa ya mutu yeyote. Mwaka 2012 aliingia kazi katika labo ya kifua kikuu, na tarehe 16 Agosti 2014 alimuoa Wivine Umuhoza, wakazaa Achille na Igihozo.

Kazi yake ilikuwa mbele ya hote, sanduku la chuma lenye kioo, ambalo feni yake huvuta hewa ya chumba kupitia uwazi chini ya kioo, huichuja, huishusha safi juu ya makohozi, na ile inayotoka huchujwa tena, kidudu kisirudi kwa mufanyakazi. Kila asubuhi alining'iniza karatasi nyepesi pale kwenye uwazi, ikiinama ndani anafanya kazi, ikinyooka hafanyi, hata mukubwa apige kelele. Charline, mwenzake, alimwambia, "Papa Henri, unaabudu karatasi," naye akamujibu, "Abudu kifua chako."

Tarehe 27 Januari 2025, waasi wakiingia mujini, bomu lilitikisa ukuta, kioo kikakwama kikiwa juu, umeme ukakatika, chupa za makohozi zikiwa wazi, na barakoa zilikwisha tangu barabara zifungwe. Sheria inasema tokeni, lakini korido ilijaa akina mama na watoto waliokimbia risasi, basi alimusukuma Charline nje, akajifungia ndani ili hewa ile isiwafikie. Charline alitazama kupitia dirisha la mulango: feni kimya, na karatasi ikamwinamia Henri, ikaacha, ikamwinamia tena, kwa mwendo wa pumzi yake. Henri naye aliiona, akajua sasa ni nani anayevuta hewa ile, akaendelea kufunga chupa mpaka ya mwisho.

Mwezi wa Juni alianza kukohoa. Nyumbani aliketi dirishani peke yake, akipumulia nje taratibu, kama anayemuonyesha mutu njia. Alifariki tarehe 11 Novemba 2025.

Familia inashukuru waganga, majirani waliopika bila kuulizwa, na wenzake wa labo. Wale wa korido walipimwa, hakuna aliyeambukizwa, na wengine wamo humu, wameketi nyuma, wakidhani wamekuja kumuzika jirani tu.

Henri, pumzika kwa amani, hewa hii tuachie sisi.