Vitambaa Vilivyopelekwa Kilolo

Asukile Mwakibete alifariki dunia tarehe 9 Mei 1958, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali ya Mbeya.

Marehemu alizaliwa mwaka 1919 huko Masoko, Rungwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yotamu Mwakibete, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1938 akaajiriwa kuwa fundi magari katika gereji moja hapa Mbeya, alikofanya kazi hadi alipougua.

Tarehe 12 Oktoba 1946 alifunga ndoa na Lea Mhenga kanisani Kilolo, Iringa, wakajaliwa watoto wawili, Damari na Filemoni. Nyumba waliyopewa na mwajiri ilikuwa nyuma ya gereji, na malori yanayotumia petroli, ambayo huku milimani kwenye hewa nyepesi hutoa moshi mweusi kuliko pwani, yaliunguruma mlangoni kutwa. Kifua cha Lea kikaanza kubana, na Agosti 1954 daktari akamshauri ahame, akarudi kwao na watoto.

Asukile alitafuta nyumba nyingine asipate, basi akaamua kuupunguza moshi wenyewe. Alianza kwa kuchanganya gongo kwenye petroli, maana pombe kali huungua bila masizi, lakini kwa kuwa gongo ina maji, lori likazimika Chimala na shehena ya mchele, wenzake wakamtania kwamba amelilevya gari la watu, naye akacheka nao, kisha akatafuta spiriti safi ya kuwashia jiko, akaijaribu kidogo kidogo. Kila alipobadili kipimo alishika kitambaa cheupe mbele ya bomba la moshi, akakikunja, akampa dereva Jailos amfikishie Lea, bila barua. Lea alivitundika ukutani kwa kufuatana, cha kwanza kikiwa cheusi tii, na kila mara alimuuliza Jailos kama mumewe amekonda. Cha mwisho, cha Machi mwaka huu, kilikuwa na rangi ya majivu tu, naye akaanza kufunga mizigo.

Aprili Asukile alishikwa na homa ya mapafu. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, Lea akafika jana, siku moja baada ya kifo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake, waliolijaza lori la Jailos mafuta kwa kipimo cha marehemu.

Pumzika, Asukile. Leo asubuhi lori hilo limeunguruma uani kwa muda mrefu likisubiri jeneza, mlango wa chumba ukiwa wazi, Lea akiwa ndani, na hakukohoa.