Mama Michango Anatuaga

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Candida Elimringi Mlay anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Afya cha Jamii Fadhila kwa miaka ishirini na sita, mingi kati ya hiyo akiwa Mkuu wa Kitengo cha Uchangishaji na Miradi. Sisi wafanyakazi tunamwita Mama Mlay. Kariakoo inamwita Mama Michango, na jina hilo analipenda kuliko cheo chake.

Alipoajiriwa, Fadhila ilikuwa vyumba vichache vya kupanga nyuma ya duka la vyombo hapa Kariakoo. Yeye alitoka kuuza vitenge na mama yake, kwa hiyo wenye maduka aliwajua kwa majina. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: siku ya kwanza haombi. Anasalimia, anaulizia watoto na biashara, anaondoka. Maabara yetu, jenereta na mashine ya ultrasaundi vimetokana na mizunguko hiyo.

Mzee Abdulswamad, muuza vitenge wa jumla Mtaa wa Kongo, akimwona kwa mbali alikimbilia stoo na kuwaagiza wauzaji wake waseme hayupo. Mama Mlay alijibu kwa sauti ya kufika huko huko stoo: "Basi mwambieni huyo asiyekuwepo, leo nimekuja kumpa shikamoo tu." Mzee alitoka akicheka, na mara nyingi akatoa mchango bila kuombwa.

Tukio ambalo ningependa kila mfanyakazi mgeni alijue ni la mwaka 2017. Wafanyabiashara walikuwa wamechangia wodi ya wazazi, msingi umejengwa, masika yakaingia. Maji yalijaa kwenye shimo la msingi, na yalipokauka msingi ulikuwa na nyufa kila upande. Mhandisi akasema hauna budi kuvunjwa na kuanzwa upya. Baadhi ya wajumbe wa kamati ya ujenzi walitaka tunyamaze, tutangaze michango ya "awamu ya pili" na maisha yaendelee.

Mama Mlay alikataa. "Mimi ndiye niliyewaomba," aliwaambia. "Nikiwaficha leo, kesho nitaingia dukani kwa mtu na uso gani?"

Akawaalika wachangiaji kituoni, akawapeleka moja kwa moja hadi ukingoni mwa shimo, akawaeleza yote. Mzee Abdulswamad ndiye aliyeuliza kwanza.

"Kwa hiyo, mwanangu, hela zetu zimekwenda na maji?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nyingi zimekwenda na maji."

Mzee aligeuka, akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama Mlay aliendelea kupita madukani, haombi chochote, anaeleza tu kazi ya kuvunja imefikia wapi. Kulikuwa na maduka ambayo hata kiti hakupewa. Mchana mmoja nilimkuta kwenye stoo yetu ya dawa analia. Aliponiona alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema, "Nasreen, nipe maji ya kunywa. Nina maduka matatu bado."

Kisha asubuhi moja Mzee Abdulswamad akaja na wenzake, wakiwa na sharti: wachague fundi wao wa kukagua kila hatua ya ujenzi. Mwenyekiti wa kamati yetu ya ujenzi alinuna. Mama Mlay alikubali kabla mzee hajamaliza sentensi.

"Nimetoa michango sehemu nyingi," mzee alisema, "na kote naambiwa mambo safi. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea habari mbaya mwenyewe. Haya, tuanze tena."

Tulianza tena. Siku ya uzinduzi, mwaka 2019, mgeni rasmi alikuwa bado amekwama kwenye foleni ya Msimbazi pale bajaji ilipoingia na mama wa Jangwani, uchungu umemshika sawasawa. Utepe ulikuwa umeziba mlango, na waandaaji wakaanza kujadili itifaki. Mama Mlay alichukua mkasi kwenye sinia. "Mama apite!" akasema, akaukata. Muuguzi Sophia alimpokea mzazi, na mgeni rasmi alipofika alikaribishwa na kilio cha mtoto wa kike. Hotuba yake ilikuwa fupi, na sote tulimshukuru kwa hilo.

Tangu hapo, akina mama wa Buguruni na Jangwani wanajifungulia karibu na nyumbani. Mama Mlay mwenyewe anakwenda kupumzisha magoti yake Kinyerezi, ambako kwaya imekwisha kumchagua mweka hazina kabla hajafungasha.

Mama Mlay, asante kwa kutuombea michango bila haya, na kwa kusema ukweli siku ulipokuuma wewe mwenyewe. Mungu akujalie uzee mtamu, usingizi wa kutosha na wajukuu wasikivu. Na siku mwili ukisumbua, usihangaike kutafuta hospitali. Njoo kwenu.

Nasreen Hamis
Kitengo cha Famasi