Bi Glenys na Kibaraza Kilichopimwa kwa Ndani

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Bi Glenys Ollerenshaw anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Mipango Miji ya Halmashauri ya Hebbleford. Wenye vibaraza sasa wanaweza kupumua.

Alianzia mapokezi, akapanda hadi ukaguzi. Kanuni aliijua kama sala: kibaraza cha mlangoni, kile chenye kuta na mlango wake, hakihitaji kibali kikiwa hakizidi mita tatu za mraba, wala mita tatu kwenda juu, na kikiwa mbali na barabara kwa mita mbili au zaidi. Na eneo hupimwa kwa nje. Watu wa Hebbleford hupima kwa ndani, kwa kuwa ndani ndiko wanakoweka miavuli na viatu vya matope. Unene wa matofali huwatoka akilini.

Muulizeni jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Bi Brenda Pickersgill. Mwaka juzi kibaraza chake cha kuwekea maua kilizidi kwa unene huohuo. Akamkaribisha mkaguzi chai na keki ya limau. Bi Glenys akala, akashukuru, akamwambia aombe kibali au abomoe. Kibali kikakataliwa.

Kiangazi kilichopita, Bi Glenys alipokwenda kwa dada yake, mumewe Mervyn alimjengea kibaraza kwa siri, zawadi ya kustaafu. Aliporudi alilia kwa furaha. Akatutangazia kwamba uzee wake wote atauketia pale, akitazama mvua. Tukachanga, tukamnunulia kiti cha kuegemea. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Bi Glenys hakupima.

Ndipo ikaingia simu ya malalamiko. Mpigaji hakutaja jina. Alichotaja ni keki.

Nikatumwa mimi. Mervyn aliapa kwamba ni mita tatu kamili, kazipima kwa mkono wake. Bi Glenys akatoka na ndara zake, akamtazama, akaelewa. Akashika ncha ya tepu yangu.

“Pima kwa nje,” akasema.

Kilizidi. Mkuu wa idara akamnong'oneza aombe kibali, mengine amwachie yeye.

“Brenda alinyimwa,” akamjibu. “Mimi nani?”

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Yeye aliupokea bila kukunja uso. Uso aliukunja Mervyn, aliyebomoa wiki nzima mvuani. Siku ya mwisho ya kubomoa, Bi Pickersgill alivuka barabara na keki ya limau, wakaila wawili hao wamekaa juu ya matofali. Sijawahi kujivunia ofisi yetu kama siku ile.

Kibaraza kipya alichojenga Mervyn badala yake ni halali kabisa. Kiti chetu kinaenea humo, mradi mlango uachwe wazi na magoti yalowe.

Bi Glenys, asante kwa yote. Tunakuombea maisha marefu na mapana kuliko kibaraza chako, hata ukiyapima kwa ndani. Mwavuli tumeuweka kwenye zawadi.