Kijana wa Arobaini na Mbili wa Mwalimu Jotham

Wachungaji, wafiwa na majirani, mimi Samson Elinami Mfinanga, kaka wa marehemu, nimeombwa na ukoo niwasomee maisha ya mdogo wangu, nami nimeyaandika kwa majina na tarehe nilizoweza kuzithibitisha, isipokuwa jambo moja nitakalolitaja mahali pake.

Jotham Elinami Mfinanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Usangi, Upare, akiwa wa mwisho kati ya watoto watatu, mimi nikiwa wa kwanza, na wa kati akiwa Elieza, aliyefariki kwa homa tarehe 22 Agosti 1954 akiwa na miaka tisa. Karani wa misheni alikosea jina la huyo wa kati katika daftari la ubatizo, akaandika Eriesa, na kosa hilo, ambalo baba hakulisahihisha, katika tuliobaki hai tulilijua mimi na Jotham tu.

Alihitimu ualimu mwaka 1970, akafika London tarehe 2 Septemba 1975, akafundisha michezo katika shule moja ya Tottenham hadi alipostaafu mwaka 2008. Tarehe 21 Julai 1979 alifunga ndoa na Sesilia Mbwambo, hapa Walthamstow, wakajaliwa watoto wawili, Marion na Haika.

Kuanzia mwaka 1991 alikitafutia chuo kikuu kimoja cha kanisa, huko Marekani, wachezaji wa mpira wa kikapu, vijana ambao wangesoma bure na kuhudhuria ibada kila asubuhi, na namna yake ya kazi ilikuwa hii, kwamba hakuuliza urefu, alikaa kwenye benchi mpaka mazoezi yaishe, kisha akamwuliza kijana jina lake, la baba na la babu, na asiyelijua la babu alirudishwa nyumbani akaulize kwanza. Walimtania, "Anko, huu ni mpira au polisi?" lakini waliuliza, na kwa njia hiyo alipeleka vijana arobaini na mmoja.

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024 aliandika wa arobaini na mbili, Eriesa, mwana wa Elinami, mjukuu wa Kaniki, ambalo ndilo jina la babu yetu, aliyezaliwa tarehe 3 Juni, kama Elieza wetu, mwaka ukiachwa wazi. Alinipigia simu jioni ile ile akasema, "Kaka, anakimbia kama baba, mguu wa kushoto nje, na ameniuliza kama Samson bado anamwogopa yule beberu wa zizini," jambo la utotoni ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Shemeji Sesilia alidhani ni uchovu, lakini Bwana Evans, mtunza ukumbi, anasema alimwona kijana huyo akiinama kupita mlangoni, akamuaga kwa lugha ambayo Evans mwenyewe haijui.

Chuo kilimkubali, kikataka mkubwa wa ukoo athibitishe jina kwa saini kabla ya tarehe 28 Februari 2025, la sivyo nafasi ingepotea. Fomu ililetwa kwangu Queensbury, na kwa kuwa sijapata kutia saini jambo nisilo na hakika nalo, niliiweka mezani.

Moyo ulianza kumsumbua Jotham mwezi Desemba, akalazwa tarehe 19 Januari 2025, na kila nilipokwenda kumwona aliuliza neno moja, "Umesaini, kaka?" nami nikamjibu kwamba bado nalifikiria, mpaka alipofariki Jumapili tarehe 9 Februari, saa tisa alasiri.

Juzi kocha wa chuo, Bwana Luc, alipiga simu kutupa pole, akaongeza, kama mtu anayesema jambo la kawaida, kwamba yule kijana amekwisha kupewa habari za msiba, naye ameuliza ibada inaanza saa ngapi.

Nimesaini leo asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na vijana wake waliosafiri kutoka mbali. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na, ingawa karatasi mliyogawiwa mlangoni inasema kaka mmoja, naomba mrekebishe, waandikwe wawili.

Mdogo wetu Jotham, pumzika kwa amani.